Mfuko wa Mstahiki Meya



Juma hili sitafafanua somo la Jumapili kama ilivyo desturi yetu. Nitasimulia jambo lililonipata, kwa sababu limerudi mlangoni kwangu na kudai jibu.

Jumanne iliyopita kamati ya ujenzi ya parokia ilikutana sebuleni kwangu. Katibu alikuja na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa na majina ya wageni rasmi tunaokusudia kuwaalika kwenye harambee ya uzio wa parokia, na jina la juu kabisa lilikuwa la Mstahiki Meya, yule ambaye madiwani wetu walimchagua baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Karatasi ya pili ilikuwa na ahadi ambazo hazijakamilishwa tangu harambee iliyopita. Humo nako jina la juu lilikuwa la meya, lakini yule aliyetangulia: aliahidi shilingi 2,000,000, akalipa 1,200,000, anadaiwa 800,000. Katibu akapendekeza tumwandikie barua ya kumkumbusha.

Niliomba wanikabidhi karatasi zote mbili, tukafunga kikao kwa sala. Wajumbe waliondoka wakinitazama kwa mshangao. Leo nawapa sababu.

Jumapili ya tarehe 19 Novemba 2023, Injili ilikuwa ule mfano wa talanta. Meya wa wakati ule alikuwa ameketi safu ya mbele, kwa kuwa harambee ilikuwa ifanyike mara baada ya Misa. Yeye ni Mwislamu, lakini alifika mapema na kukaa kwa heshima hadi mwisho. Mimi nilihubiri kwa moto. Nilisema kwamba wapo viongozi waliopewa dhamana na wananchi, nao wameichimbia shimo na kukaa juu yake. Sikumtaja mtu. Wala haikuwa lazima, maana macho ya waamini yalijua pa kutazama.

Kisha tukaenda kwenye hema. Mshereheshaji akamwita mgeni rasmi, akamsifu, akamtania, akamzungushia kwaya. Mgeni rasmi akatamka milioni mbili. Vigelegele vikapaa. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu, mikono ileile iliyokuwa imeshika kingo za mimbari saa moja kabla.

Nilipomsindikiza kwenye gari alinishika mkono akasema kwa upole, “Baba Paroko, mahubiri nimeyasikia. Yule mtu aliyefukia talanta amenichoma. Juma hili una nafasi? Panda gari langu siku mbili tatu, uone mwenyewe nimeifukia wapi.”

Sikuwa na njia ya kukataa.

Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nyumbani kwake. Nilidhani nimewahi, kumbe barazani kulikuwa tayari na watu kumi na mmoja. Mzee mmoja alishika cheti cha daktari na hakuwa na fedha za dawa. Kijana mmoja alitafuta kazi. Kiongozi wa timu ya mpira wa mtaa alitaka jezi. Mama mmoja alihitaji ada ya mwanawe. Na kwenye benchi la mwisho walikaa wanawake wawili wa jumuiya ndogondogo ya parokia yangu, wameshika kadi ya mchango wa sherehe ya kipaimara. Waliponiona waliificha ile kadi ndani ya khanga. Nikageuza uso kana kwamba sikuona.

Meya alimsikiliza kila mmoja. Wengine aliwapa kitu kidogo, wengine aliwapa namba ya ofisa wa kumwona, wengine aliwapa maneno mema tu, nao waliondoka wakinung'unika. Nikamkumbuka Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, akiketi tangu asubuhi hadi jioni na watu wamemzunguka, hata mkwewe Yethro akamwonya kwamba namna ile itamchosha yeye na kuwachosha watu pamoja naye. Nilipokuwa seminarini nilifundishwa kulisoma fungu hilo kama somo la kugawana madaraka. Sikuwahi kulisoma nikiwa miongoni mwa wale waliosimama kwenye foleni.

Tokea hapo tulikwenda sokoni. Akina mama wauza mboga walimzingira wakiuliza habari za mikopo. Sheria, tangu mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini Aprili 2023 serikali ilikuwa imeisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kutafuta utaratibu mpya, na haikurejeshwa hadi mwaka 2024. Meya aliwaeleza hayo. Mama mmoja akamjibu, “Mheshimiwa, sisi tunakuona wewe. Huyo utaratibu hatumjui.” Watu wakacheka, naye akacheka. Aliporudi garini hakuwa anacheka tena.

Jumanne tulihudhuria mazishi. Jumanne hiyo ndiyo niliyouelewa vizuri uzito wa joho na mkufu. Njiani Meya alinifafanulia mambo ambayo mimi, mwenye shahada na miaka yangu arobaini na ushee, sikuwa nimeyajua sawasawa. Meya wa kwetu hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Kwanza ni diwani wa kata yake, kisha madiwani wenzake humchagua awe mwenyekiti wao. Anaongoza Baraza la Madiwani na kamati ya fedha. Lakini mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, na fedha za halmashauri hutoka kwa sahihi za watendaji. Barabara nazo, tangu mwaka 2017, zimewekwa chini ya wakala wa serikali.

“Sisemi kwamba utaratibu ni mbaya,” aliniambia. “Fedha za umma hazifai kukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Lakini watu wakiona mkufu wanadhani una funguo. Basi natoa za kwangu.”

Msibani mshereheshaji alimtangaza kwa jina na cheo, akatangaza na kiasi cha rambirambi. Nilihesabu. Hadi jioni ya siku ile ya pili nilikuwa nimeandika katika daftari langu maombi kumi na tisa ya fedha. Maombi ya kurekebisha jambo kwa njia ya ofisi yalikuwa mawili.

Jumatano asubuhi ombi la tatu lilitukuta kando ya korongo. Mnakumbuka mvua za vuli za mwaka ule, zile zilizoletwa na El Niño. Korongo linalopita kati ya mtaa wetu na shule ya msingi lilikuwa limefurika. Watoto huvuka juu ya magogo mawili. Siku mbili kabla, mtoto wa darasa la pili aliteleza, akachukuliwa na maji hatua kama ishirini, hadi fundi baiskeli mmoja alipomdaka kwa mkono wa shati. Mtoto alipona. Kiatu na daftari havikuonekana tena.

Mama yake alikuwa pale. Hakuomba fedha. Alisema, “Mheshimiwa, mimi sina ninachokudai. Nataka tu uyatazame haya magogo.” Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe Baba Paroko, yatazame.”

Wapendwa, maneno hayo mafupi yaliniingia kuliko yote niliyosikia juma lile. Korongo lile liko umbali wa dakika saba kutoka nyumba ya mapadre. Nilikuwa nimelivuka mara nyingi, kwa gari, kupitia daraja la barabara kuu.

Nilimuuliza Meya kwa nini hapajajengwa kivuko. Akanieleza bila kujitetea kwamba kivuko kidogo cha miguu ni kazi inayowezekana kwa mapato ya ndani na nguvu za wananchi, ila lazima kianze katika mkutano wa mtaa, kiandikwe, kipande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo kifike kwenye bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. “Mtaa huu haujawahi kukileta,” alisema. “Mkutano wa mwisho ulikosa watu. Wanakuja barazani kwangu, mmoja mmoja. Nami sina barazani kwangu daraja la kumpa mtu mmoja mmoja.”

Jioni ile tulipitia dukani kwake. Anauza vifaa vya ujenzi. Nilipomfahamu mara ya kwanza, miaka michache kabla hajawa meya, duka lile lilikuwa limejaa mabati, misumari na rangi hadi mlangoni. Sasa rafu nyingi zilikuwa na vumbi mahali pa bidhaa. Mkewe alitupa chai, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, wala hakusema neno. Nilikumbuka milioni mbili. Nilikumbuka makofi yangu.

Alhamisi Baraza la Madiwani lilikutana katika kikao chake cha robo mwaka. Vikao hivyo ni vya wazi, kila mwananchi anaweza kuketi na kusikiliza. Nilikwenda. Palijadiliwa ushuru wa soko, madarasa, zahanati, taka. Mambo yote yaliyoletwa barazani kwa Meya yakiwa yamevaa sura ya shida ya mtu binafsi, hapa yalikuwa yamevaa namba na vifungu. Nilitazama viti vya wananchi. Tulikuwa wanne: waandishi wa habari wawili, mwalimu mmoja mstaafu, na mimi. Barazani asubuhi watu kumi na mmoja, katika ukumbi wa Baraza watu wanne.

Mwalimu yule mstaafu alininong'oneza historia. Alikumbuka jinsi serikali za mitaa zilivyofutwa mwaka 1972, jinsi za mijini zilivyorudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zilizozijenga upya. “Padre,” akasema, “tuliilia miaka ile haki ya kuwa na baraza letu. Tumelipata, tumeliachia viti.” Akanikumbusha pia Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Alisema kwamba katika ujana wake cheo cha meya kiliwafanya wajisikie kwamba mji ni wao. Sikujua nimjibu nini.

Hapo ndipo nilipomfikiria Giorgio La Pira, ambaye wengi wenu mmenisikia nikimtaja. Alizaliwa Sicilia mwaka 1904, akawa profesa wa sheria ya Kirumi, na mwaka 1951 akawa Meya wa Firenze, Italia. Aliishi katika chumba kidogo cha konventi ya San Marco, na fedha zake zilikwisha kwa maskini. Baba Mtakatifu Fransisko alimtambua kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa mwaka 2018. Zamani nilimsifu kwa sababu ya mfuko wake mtupu. Lakini familia zilizokosa makazi hazikupata paa kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1954, pale Isolotto, alikabidhi funguo za mtaa mzima wa nyumba uliojengwa chini ya mpango wa taifa. Sadaka yake ilikuwa yake binafsi, na kazi ya ofisi yake ilikuwa kazi ya ofisi. Alifanya zote mbili, ila hakuifanya moja iwe badala ya nyingine. Sisi kwetu tulikuwa tumemlazimisha mtu mmoja aifanye ya kwanza hadi akose nguvu ya kuifanya ya pili.

Ijumaa sikuwa naye mchana. Aliniambia baadaye kwamba baada ya swala viongozi wa msikiti walimwomba mazulia mapya. Alasiri tulikutana kwenye mahafali ya chekechea, ambako mgeni rasmi alitakiwa kukabidhi vyeti na kuchangia bembea. Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tulifagia mtaro pamoja na watu wachache, na wengi wakatutazama kutoka milangoni mwao. Jioni alikuwa na kadi tatu za harusi. Aliniomba radhi kwamba hawezi kunichukua huko, nami nilishukuru. Daftari langu lilikuwa na maombi thelathini na moja.

Nilipokuwa nateremka garini nilimuuliza swali ambalo paroko hapaswi kumuuliza mwanasiasa. “Mstahiki, hutishiki kwamba siku moja mtu atakupa bahasha kubwa, nawe utaipokea kwa sababu ya hizi ndogo unazotoa?”

Alikaa kimya muda mrefu. “Wameshakuja wawili,” akasema. “Mpaka leo nimewarudisha. Lakini Baba Paroko, usiniombee tu. Nipunguzieni.”

Usiku ule sikulala vema. Kesho yake ilikuwa sherehe ya Kristo Mfalme, na Injili ya mwaka ule ilikuwa ile ya hukumu ya mwisho, Mathayo 25, wenye njaa, wenye kiu, wageni na wafungwa. Nilikuwa nimeandaa mahubiri mazuri. Niliyaacha sakristia. Niliwaambia waamini kwamba Jumapili iliyotangulia nilimshutumu mtu kwa kufukia talanta, kisha saa moja baadaye nikamsaidia kuchimba shimo. Niliwaambia kwamba tunahubiri dhidi ya rushwa asubuhi, na mchana tunatangaza kwa kipaza sauti bei ya heshima ya kiongozi. Hatumuulizi amezipata wapi. Tunauliza tu mbona ni kidogo. Na nikawaambia kwamba mimi, mchungaji wao, sijawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja wa mtaa ninaoishi.

Baadhi walikasirika. Mzee mmoja aliniambia mlangoni kwamba nimelidhalilisha Kanisa mbele ya watu. Huenda alikuwa na haki kwa sehemu. Toba ya hadharani nayo ina vishawishi vyake.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Desemba. Tulitangaza kwenye Misa zote, na msikitini nako wakatangaza. Yule mama wa kando ya korongo alisimama, akazungumza kwa dakika mbili tu. Kivuko kikaandikwa. Kikapanda kwenye kata. Wananchi walitakiwa kuonyesha nguvu zao kwanza, na mawe yalikuwa haba. Ndipo tulipokumbuka kwamba parokia ilikuwa na malori matatu ya mawe, yaliyonunuliwa kwa fedha za ile harambee kwa ajili ya uzio. Kamati ya ujenzi ilibishana jioni nzima. Mwishowe mawe yalikwenda korongoni. Kivuko si kizuri, kingo zake zimepinda kidogo, lakini mvua za mwaka 2025 zilikikuta kimesimama na watoto wanapita juu yake.

Ndiyo maana hadi leo hatuna uzio. Na ndiyo maana kamati imerudi na karatasi mbili.

Meya yule hakurudi madarakani. Alishindwa katika kura za maoni za chama chake katika kata yake mwenyewe. Nilisikia watu wakisema sokoni kwamba miaka ya mwisho mkono wake ulikuwa mzito. Kwa maneno mengine, alianza kusema, “Leteni jambo hilo kwenye kikao.” Nilikuwa mmoja wa waliomshauri aseme hivyo. Sijui niliweke wapi jambo hili moyoni mwangu. Alinyimwa kura kwa kufuata shauri langu, nami sikupungukiwa na chochote.

Jumatano nilikwenda dukani kwake. Rafu zimeanza kujaa. Nilimwambia kwamba nimekusudia kulifuta lile deni la shilingi 800,000 na kwamba hatapata barua yoyote. Alifunga daftari lake la mauzo akanitazama.

“Padre, ahadi ni deni,” alisema. “Niliahidi kama meya, kwa sababu ya kipaza sauti. Acheni nilipe kama jirani. Nitaleta mifuko ya saruji kidogo kidogo, kila mwezi. Ila mnipe sharti moja: msinitangaze.”

Tulipeana mikono juu ya kaunta.

Kamati itakutana tena Jumanne ijayo, na haya ndiyo nitakayowaambia. Mstahiki Meya mpya tutamwalika, naam, lakini aje kutueleza mipango ya halmashauri na kusikia kero zetu, nasi tutampa soda na kiti. Mchango wa uzio tutautoa wenyewe, kila mmoja katika bahasha isiyo na jina, pamoja na mimi. Huenda uzio ukachukua miaka mitano. Na siku ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani nitakuwa kwenye viti vya wananchi. Natafuta watu wa kuketi nami. Mara ya mwisho tulikuwa wanne.

Niwatakieni juma jema lenye baraka.

Ni mimi,
Paroko wenu